Kitanda na Mkongojo: Tarehe ya Riadha ya Wazee

Miongoni mwa mambo ambayo watu wa kila taifa huyaamua kwa mazoea kabla hayajaamuliwa kwa hoja, limo jambo hili la mtu aliyekula chumvi nyingi: je, aachwe akae kitako apumzike baada ya taabu za miaka yake, au ahimizwe kuinuka, kutembea, kunyoosha viungo na kubeba kinachobebeka, maadamu pumzi ingalimo kifuani mwake? Kwetu pwani, na bara vilevile, staha imeshika upande wa kwanza. Mzee huletewa maji mahali alipo, hupokewa mzigo kabla hajauweka begani, na kijana anayemwona babu yake ameshika jembe huona haya kana kwamba ni yeye aliyekosa. Staha hii siibezi, kwani nimelelewa ndani yake. Lakini tarehe ya utabibu inaonyesha kwamba swali lenyewe ni la kale sana, kwamba lilipata jawabu jema zamani, kwamba jawabu lile likafukiwa chini ya magodoro ya hospitali kwa muda mrefu, na kwamba miongoni mwa waliolifukua walikuwamo watu wachache wa London katika karne ya ishirini, ambao habari zao ndizo hasa ninazotaka kuzisimulia.

Yafaa tuanzie mbali. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyezaliwa Pergamon mwaka 129 na kujipatia jina Roma, aliandika juu ya kuilinda siha kitabu chenye juzuu sita, na katika juzuu ya tano akawageukia wazee. Kwa elimu ya zama zake mwili wa mzee ni baridi na yabisi: harara ya asili iliyojaa tele katika mtoto imepungua, rutuba imekauka, na kazi ya tabibu ni kuichochea harara iliyobaki bila ya kuimaliza. Ndiyo maana alikataza mambo mawili yaliyo mbalimbali, kumwacha mzee atulie kabisa na kumtaabisha kwa mazoezi makali, kwa kuwa yote mawili humfikisha mahali pamoja. Wala hakutosheka na nadharia. Alimtaja tabibu mwenziwe, Antiochus, ambaye baada ya kupita umri wa miaka 80 aliendelea kutoka nyumbani kila siku kwenda kwa miguu hadi uwanja mkuu wa mji, mwendo wa karibu nusu kilomita, na kuwazuru vivyo hivyo wagonjwa wa jirani. Asubuhi alikandwa mwili katika chumba chenye joto, na ilipombidi kwenda mbali zaidi ndipo alipokubali kuchukuliwa katika kiti au gari. Napendezwa na habari hii kwa kuwa haina ajabu ndani yake. Antiochus hakupigana mieleka wala hakushindana mbio na vijana. Alikuwa na kazi iliyomtoa nje, na akili ya kukijua kipimo chake.

Kabla ya Galen, mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Cicero wa Roma alikuwa amekwisha kuandika risala juu ya uzee, na ndani yake akamtaja Mwafrika, Masinissa mfalme wa Numidia, nchi iliyokuwa katika Aljeria ya leo na sehemu ya Tunisia: kwamba akiwa na umri wa miaka 90, akianza safari kwa miguu hakupanda farasi, akianza juu ya farasi hakushuka, na kichwa chake hakukifunika kwa mvua wala kwa baridi. Risala hiyohiyo inamdhihaki Milo, mpiga mieleka mashuhuri, ambaye alipozeeka aliwatazama vijana wakifanya mazoezi, kisha akaitazama mikono yake akalia kwamba imekufa. Anayeitaka riadha imrudishie ujana atalia pamoja na Milo; anayeitaka imhifadhie alichobakiwa nacho atasafiri na Masinissa.

Lakini aliyelipanga jambo hili kwa utaratibu ulio karibu zaidi nasi ni Abu Ali Ibn Sina, mzaliwa wa upande wa Bukhara mwaka 980, ambaye kitabu chake Al-Qanun kilisomwa Mashariki na kufundishwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi. Yeye aliitanguliza riadha katika mambo yanayohifadhi siha, kisha ndipo akataja chakula, kisha usingizi. Na alipofika kwa wazee hakuwapa wote amri moja, bali alisema riadha yao ihitilafiane kwa kadiri ya hali za miili yao, mazoea yao na maradhi yanayowajia. Mwenye kizunguzungu asifanye zoezi la kukiinamisha kichwa, bali aitumie miguu, kama katika kutembea. Mwenye maradhi ya miguu aitumie mikono, kwa kurusha mawe na kuyanyanyua. Na kukandwa kwao kuwe kwa kiasi, viungo vilivyo dhaifu visiguswe. Mwenyewe hakuuona uzee, kwani alikufa mwaka 1037 kabla hajatimiza miaka 60, na kwa habari tulizo nazo kiasi alichowausia wengine hakukitumia sana katika maisha yake; shauri halipungui thamani kwa hilo. Elimu hii ilivuka bahari pamoja na vitabu na matabibu wa Arabuni na Bara Hindi ikakaa pwani kwetu, na hata leo mtu wa Lamu au Unguja anayekataa chakula kwa hoja kwamba kina baridi anasema kwa ulimi wa Galen na Abu Ali bila ya kuwajua.

Jawabu hili lilipoteaje basi? Sababu ni nyingi, na nyingine zilikuja kwa heri. Karne ya kumi na tisa ilijenga hospitali kubwa, na hospitali huhesabiwa kwa vitanda vyake. Mgonjwa aliyelala huoshwa, hupimwa na kulishwa kwa saa maalumu, ilhali aliyeinuka huzurura, huanguka, huuliza maswali. Huko Paris, katika hospitali ya Salpêtrière, Jean-Martin Charcot alipata maelfu ya wanawake wakongwe mahali pamoja, akatoa katika miaka ya 1860 mihadhara mashuhuri juu ya maradhi ya uzee. Ilimu ilipata faida kubwa, ila watu wakazoea kuuona uzee wenyewe kuwa ni maradhi, na mwenye maradhi dawa yake ya kwanza ni kulala. Kisha ikaja nadharia. Mwaka 1908 Max Rubner wa Ujerumani alilinganisha wanyama wafugwao, akaona kwamba kila ratili ya miili yao hutumia kiasi kinachokaribiana cha nguvu tangu kuzaliwa hata kufa. Na mwaka 1928 Raymond Pearl wa Marekani akatoa kitabu kilichodai kwamba kadiri kiumbe azitumiavyo nguvu zake upesi ndivyo umri wake uwavyo mfupi. Aliandika hata makala ya gazeti kueleza sababu ya wavivu kuishi zaidi. Kwa hesabu hii binadamu ni taa iliyotiwa mafuta mara moja tu siku ya kuzaliwa, na mzee mwenye busara ni yule anayepunguza utambi. Hesabu ilikuwa na kasoro, kwa kuwa mwili hujijenga upya kwa kutumika, jambo ambalo taa hailiwezi. Lakini ilikuwa tamu masikioni mwa waliochoka, na tabibu aliyemlaza mgonjwa wa moyo wiki sita, akimkataza hata kujilisha, alidhani kwamba anamwekea akiba.

Huko Uingereza jambo hili liliwaelemea zaidi maskini. Sheria ya mwaka 1834 ilikuwa imewakusanya mafukara katika nyumba za kazi, ambazo makusudi zilifanywa kuwa kali ili mtu asikimbilie humo ila kwa dhiki iliyomshinda. Na miaka ilivyopita wenye nguvu walitoka, wazee na wagonjwa wakabaki, hata nyumba hizo zikawa na wodi ndefu za watu waliolazwa wakisubiri mauti. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, iliyoko Isleworth upande wa magharibi wa London, ilikabidhiwa nyumba ya namna hiyo iliyokuwa jirani yake, pamoja na wagonjwa 714, na kazi ya kuwaangalia akapewa daktari mwanamke aliyezaliwa mwaka 1897, Marjory Warren, ambaye hadi hapo alikuwa mtu wa upasuaji. Wenye kutaka sifa katika utabibu wa siku hizo hawakuigombea kazi hiyo. Wagonjwa wasiopona hawampi daktari jina.

Aliyoyakuta aliyaeleza baadaye katika maandishi yake. Walikuwa wamechanganywa pamoja watu wa hali zote: waliopooza upande mmoja, waliopotewa na akili, wenye baridi yabisi ya miaka mingi, na vijana wenye vilema, wengine hawakuwa wamepimwa na daktari tangu walipoingia, wala hawakuwa na jina la maradhi zaidi ya neno la kwamba hawaponi. Jambo la kwanza alilolifanya ni dogo hata mtu huona ajabu kulitaja. Aliwapima, mmoja baada ya mmoja, akawagawanya kwa hali zao. Ndipo alipotambua kwamba wengi wa watu wale walikuwa na maradhi mawili, moja lililowaleta na jingine walilolipata humo ndani, na kwamba la pili aghalabu ndilo lililokuwa kubwa zaidi.

Maradhi hayo ya pili yaliletwa na kitanda, na njia yake hii hapa. Mtu amepigwa na kiharusi, mguu na mkono vimelegea. Analazwa, na kwa kuwa ni mzito kumgeuza anaachwa alivyo. Goti lililokunjwa kwa siku chache hukaza, likikaza halinyooki, lisiponyooka hawezi kusimama hata nguvu zikimrudia. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hufa ikawa vidonda vya malazi. Misuli isiyoitwa hupungua upesi kuliko inavyojengwa, mifupa isiyobeba uzito hupoteza chokaa yake, damu inayokwenda polepole miguuni huganda, na choo hufunga au humponyoka. Na mtu mzima aliyelea watoto, anapojichafua mbele ya wageni, hunyamaza. Ukimya huo wauguzi waliuandika kuwa ni kupungukiwa na akili. Kwa hiyo mzee aliyeingia akiwa amepooza mkono na mguu alikuwa, baada ya mwaka, hawezi chochote, na kila aliyemtazama alisema kwamba ndivyo uzee ulivyo.

Bibi Warren aliwainua. Alitaka kuta za wodi zipakwe rangi ya kung'aa mahali pa ile ya giza, mwanga uongezwe, pawekwe reli za kushika, viti vinavyomfaa mtu mwenye viungo vigumu, mikongojo, na nguo za mchana badala ya zile za kulalia, kwani mtu aliyevaa nguo za kulalia mchana kutwa hujihesabu kuwa mgonjwa. Riadha ya Isleworth haikuwa na mpira wala saa ya kupimia mbio. Ilikuwa ni kukaa ukingoni mwa kitanda na kuiteremsha miguu, kusimama kwa kushika reli kwa muda unaostahimilika, kupiga hatua mbili, kuvaa shati kwa mkono mmoja uliobaki na uzima. Aliyekatwa mguu alifundishwa kutembea upya ijapokuwa ana miaka zaidi ya 70, jambo lililoonekana kwa wengi kuwa ni kupoteza mbao na ngozi. Tabibu, muuguzi na mchuaji wa viungo walitakiwa washauriane juu ya mgonjwa mmoja, na jamaa zake waulizwe nyumba ina ngazi ngapi.

Wengi wakaondoka. Waliodhaniwa kwamba hawatoki ila kwa jeneza walirudi majumbani mwao, au katika makao ya wazee walikoweza kujiangalia wenyewe kwa mambo mengi, na vitanda vilivyohitajiwa kwa ajili yao vikapungua sana, vilivyobaki wazi vikatumiwa na wengine. Mwaka 1943, na tena mwaka 1946, alitoa makala akidai kwamba wazee wagonjwa wawe na wodi zao ndani ya hospitali kuu, wala wasitengwe pembeni, na kwamba wanafunzi wa utabibu wafundishwe habari zao. Mwaka 1947 akawa miongoni mwa waliounda chama cha matabibu wa wazee. Alikufa mwaka 1960 kwa ajali ya gari. Kwa maoni yangu, kumwita mwanzilishi wa utabibu wa wazee, kama aitwavyo kwao, ni sawa. Ila napenda kumkumbuka zaidi kwa kuwa alithubutu kuuliza kama jambo ambalo kila mtu aliliona kuwa ni la umri halikuwa la godoro.

Hakuwa peke yake. Lionel Cosin, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Orsett huko Essex, aliwapasua wazee waliovunjika nyonga na kuwasimamisha mapema, wakati desturi ilikuwa kuwalaza wakisubiri mfupa ushike, au nimonia iwahi kwanza. Richard Asher, tabibu mwenye kalamu kali, alichapisha mwaka 1947 makala fupi juu ya hatari za kulala kitandani, akahesabu kiungo baada ya kiungo madhara ambayo dawa hii iliyosifiwa huyaleta. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilikuwa vimesaidia: majeruhi walikuwa wengi, vitanda vichache, na waliotolewa vitandani mapema kwa sababu hapakuwa na nafasi walionekana wakipona vizuri kuliko waliobembelezwa.

Hata hapo hoja ilikuwa juu ya wagonjwa. Je, mtu mzima, asiyelalia kitanda cha hospitali, anayekwenda kazini na kurudi, naye amedhurika kwa kukaa? Aliyelitafutia swali hili jawabu ni Jerry Morris, mwana wa wahamiaji maskini wa Kiyahudi, aliyekulia Glasgow, ambaye baada ya vita aliongoza kikundi cha watafiti wa afya ya jamii huko London. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa ukizidi mwaka hata mwaka, na hapana aliyejua sababu. Akili yake ilikwenda kwenye mabasi mekundu ya ghorofa ya London, kwa kuwa ndani ya kila basi walikuwamo watu wawili wa tabaka moja, wenye mishahara inayokaribiana, wanaokaa mitaa ileile na kuvuta hewa ileile, ambao mmoja wao, dereva, hukaa kitini karibu zamu yake yote, na mwenziwe, kondakta, hupanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Watafiti walipanda mabasi hayo wakahesabu: kondakta alikwea vidato kati ya 500 na 750 kwa siku ya kazi.

Walizikusanya habari za wafanyakazi wa usafiri wa London wapatao 31,000, wanaume wa umri wa miaka 35 hadi 64, na mwaka 1953 matokeo yakatolewa katika jarida la Lancet. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, walipatwa wakiwa na umri mkubwa zaidi, na walipopatwa hawakufa upesi kama wenzao. Mtu mwenye shaka angesema labda ni roho juu ya dereva katika msongamano wa magari, wala si miguu. Morris akaenda kwa watu wa posta: waliopeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa salama kuliko makarani na wapokeaji simu waliokaa. Shaka nyingine aliileta mwenyewe, na kwa hili namheshimu zaidi. Alizitafuta daftari za sare za kazi, akaona kwamba madereva walipewa suruali zenye viuno vipana kuliko za makondakta tangu walipoajiriwa, yaani watu wale hawakuwa sawasawa kabla ya kazi kuwagawanya. Akalichapisha jambo hilo mwaka 1956 ijapokuwa lilidhoofisha hoja yake, kisha akaendelea kutafuta kwa miaka mingi, kwa makarani wa serikali na mazoezi yao ya nje ya kazi, mpaka jambo likathibiti. Naye alikuwa akiogelea na kutembea hata uzeeni. Alizaliwa mwaka 1910 akafa mwaka 2009, akiwa na miaka 99.

Baina ya hayo Marekani ilipata somo lake kwa mtu mmoja. Rais Eisenhower alipatwa na mshtuko wa moyo mwaka 1955, akiwa na miaka 64, na tabibu wake mshauri alikuwa Paul Dudley White wa Boston, mpenda baiskeli na matembezi, ambaye badala ya kulitangazia taifa kwamba rais wao amekwisha, alieleza hadharani kwamba ataweza kurudi kazini na mchezoni. Mwaka uliofuata Eisenhower alichaguliwa tena.

Ikabaki hoja ya mwisho ya wapinzani, nayo ndiyo yenye nguvu: huenda riadha inamfaa mtu wa makamo, lakini mkongwe wa miaka 90 hana tena cha kujengwa. Mambo mawili yaliipinga. Mwaka 1966 huko Dallas vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu, na miaka 30 baadaye walewale walipopimwa ilidhihirika kwamba wiki zile tatu zilikuwa zimeupunguza uwezo wa miili yao kuliko miaka yote 30 iliyofuata, yaani kulala kulidhoofisha kuliko umri. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenziwe wa Boston wakatoa habari iliyowashtua wengi: waliwachukua wakazi 10 wa makao ya wazee, wadhaifu, wa wastani wa miaka 90, wakawapa kunyanyua vitu vizito kwa miguu mara tatu kwa wiki, na uzito wenyewe haukuwa wa mzaha. Baada ya wiki nane, nguvu za misuli ya mapaja kwa waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili walikuwa wameiacha mikongojo yao. Walipoachishwa wiki nne tu, sehemu kubwa ya nguvu hizo ilianza kupotea, na hapo pana habari muhimu kuliko ile ya kwanza, kwani yaonyesha kwamba riadha ya mzee haiwekwi akiba. Huliwa siku ileile.

Wako watu Tanzania ambao hawakuhitaji kuambiwa hayo na Boston. Wahadzabe, wawindaji na wachimbaji mizizi wa kando ya Ziwa Eyasi, walitembelewa na wataalamu Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, ambao mwaka 1989 waliandika juu ya bibi zao: wanawake waliokwisha acha kuzaa walitumia saa nyingi kuliko binti zao kuchimba viazi vya mwitu katika ardhi ngumu yenye mawe, kwa fimbo iliyochongwa ncha, na wajukuu walikula kwa jasho lao. Sisemi kwamba tuwape bibi zetu fimbo tukawapeleke porini. Maisha ya Wahadzabe yana dhiki nyingi, na si kila mtoto wao huufikia uzee. Nasema tu kwamba mwanamke yule hachimbi kwa ajili ya afya, wala hana saa aliyoitenga kwa mazoezi. Anachimba kwa kuwa wako wanaomtegemea, na siku ambayo atanyang'anywa fimbo kwa heshima ndiyo siku atakayoanza kudhoofika. Huku kwetu tumewanyang'anya wengi, mijini zaidi kuliko mashamba. Mzee aliyestaafu hujengewa nyumba yenye baraza na kuwekewa mtumishi, naye hutoka chumbani hadi kitini na kurudi chumbani, na watu humsifu mwanawe.

Kuhusu namna ya kufanya, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 maelekezo kwa watu wa miaka 65 na zaidi: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka, mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na ya kulinda mizani ya mwili siku tatu au zaidi, kwa kila mtu kadiri ya uwezo wake. Watu huyashika maneno ya kwanza wakaacha ya mwisho, ilhali kinachowaangusha wazee wengi si upungufu wa pumzi bali mguu usiowahi kuuzuia mwili unapoyumba. Aliyeanguka mara moja huogopa, akiogopa hukaa, akikaa hudhoofika, akidhoofika huanguka tena, na mara hii nyonga ikavunjika. Mwenye maumivu ya kifua, anayeishiwa na pumzi kwa jambo dogo au anayezimia, amwone tabibu kwanza, kwani huko si kuzeeka.

Waislamu wana kipimo chao tayari. Rakaa 17 za faradhi kila siku zina sujudu 34, na ndani yake mtu hushuka hadi chini na kuinuka, zoezi ambalo matabibu wa leo wangeliandika kwa furaha katika cheti cha dawa. Siku hizi viti vimeongezeka katika safu za misikitini. Rukhsa ya kusali kwa kukaa ipo, na ni rehema, wala hapana mwenye haki ya kumhukumu jirani yake aliyekalia kiti. Ila ingefaa kila mtu ajiulize faraghani kama kilichokataa ni goti au hofu, maana hofu ina dawa. Aanze nyumbani kwa kuinuka kitini bila ya kujisukuma kwa mikono, ukuta ukiwa karibu, mara chache leo na zaidi wiki ijayo, kisha ajaribu kwenye kigoda kilicho chini zaidi, kisha kwenye mkeka. Na ambaye magoti yake yamekataa kweli, Abu Ali amekwisha kumwambia la kufanya na mikono yake.